Mbwa Akichomwa Zailazini: Mkojo, Figo na Maji, Hatua kwa Hatua

Ilikuwa mwezi wa saba, Lushoto, kwenye uwanja wa shule. Tulikuwa tumetandika magunia chini ya mikaratusi, na juu yake wamelala mbwa waliokwisha kufungwa kizazi, kila mmoja ubavu, wakisubiri kuzinduka. Mama mmoja akanivuta mkono. "Daktari, njoo umwone wangu. Amelowa mwili mzima na mkojo bado unatoka. Mmemkata nini humo ndani?"

Nikachuchumaa. Mkojo uliotapakaa kwenye gunia ulikuwa mweupe kama maji ya kunywa, bila harufu kali, bila hata doa la damu. Mbwa alikuwa anapumua vizuri. Ufizi umepauka kidogo, moyo unapiga polepole lakini kwa nguvu. Hakuna kilichokatwa. Ilikuwa ni dawa ya kulaza tuliyomchoma, zailazini, inafanya kazi yake kwenye figo.

Swali la mama yule nimeulizwa kila mahali nilikofanya kazi, na mara nyingi watu hujibiwa "ni kawaida tu" kisha wanaachwa. Hiyo haitoshi. Ni kweli kwamba mkojo mwingi baada ya zailazini ni wa dawa, si ugonjwa wa figo. Lakini maji yaliyotoka lazima yarudishwe, na mkojo wa siku ile hauwezi kukuambia chochote cha kuaminika kuhusu hali ya figo, kiwe kizuri au kibaya. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mwenye mbwa anayempeleka kufungwa kizazi au kushonwa kidonda, na kwa wenzangu wa fani ya mifugo tunaofanya kazi mbali na maabara. Vipimo vya dawa yenyewe siviandiki, hivyo ni vya daktari aliye mbele ya mnyama.

Dawa inafanya nini

Zailazini ilitengenezwa mwaka 1962 na kampuni ya Bayer ya Ujerumani, wakitafuta dawa ya kushusha presha kwa binadamu. Ilionekana inalaza mno, ikaachwa kwa watu na kuhamia kwa wanyama. Huku kwetu ndiyo inayotumika sana, mara nyingi pamoja na ketamini, dawa nyingine ya usingizi, kwa sababu ni rahisi na inapatikana. Kwenye chupa utaisoma Xylazine.

Dawa hii hukamata vipokezi viitwavyo alfa-2, yaani sehemu za seli zinazopokea amri za mwili. Vipokezi hivyo viko kwenye ubongo, ndiyo maana mbwa analala, lakini viko pia kwenye mishipa ya damu, kwenye kongosho na kwenye figo zenyewe. Hapo ndipo mambo ya mkojo yanapoanzia.

Mbwa mzima ana homoni itokayo kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, inayoiamuru figo irudishe maji mwilini badala ya kuyaacha yatoke. Zailazini hupunguza utokaji wa homoni hiyo. Na hata kiasi kidogo kinachofika kwenye figo hakisikilizwi, kwa sababu dawa imekwisha kuziba masikio ya figo. Ni kama mlinzi wa bomba la mtaa amelala na simu yake ameizima: maji yanatoka tu. Kongosho nalo hupunguza insulini, sukari ya damu ikapanda. Tena misuli inayofunga njia ya mkojo hulegea, ndiyo maana mbwa aliyelala hujikojolea bila kujua.

Lakini kuna upande wa pili ambao hauonekani kwa macho. Mishipa ya damu hubana, presha hupanda kwanza kisha hushuka, moyo hupunguza kasi, na damu inayosukumwa kwa dakika inapungua sana. Figo, ambazo kwa kawaida hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayotoka kwenye moyo, zinapata kidogo kuliko zilivyozoea. Mbwa kijana mwenye afya na maji ya kutosha mwilini anavumilia hali hiyo kwa saa moja au mbili bila madhara. Mbwa aliyekauka, mzee, au mwenye ugonjwa wa figo anaweza asivumilie.

Hapa wengi wetu tunajidanganya. Kwenye upasuaji tumefundishwa kuutazama mkojo kama kipimo cha damu inayofika kwenye figo: mbwa akitoa kuanzia mililita 1 kwa kila kilo kwa saa, tunatulia. Kwa zailazini kipimo hicho hakifai tena. Mkojo unaweza kutiririka ilhali figo zinapata damu kidogo. Ukiwa umetumia dawa hii, usitulizwe na gunia lililolowa. Tazama mapigo, ufizi, upumuaji na joto la mwili.

Hatua ya 1: Jua jina la dawa na nguvu ya chupa

Mwenye mbwa, uliza: "Daktari, utamchoma dawa gani ya usingizi?" Si kumkosea adabu. Andika jibu kwenye kadi ya chanjo. Medetomidini na deksimedetomidini ni ndugu wa zailazini na huleta mkojo mwingi vilevile. Asepromazini ni ya ukoo mwingine: hushusha presha kwa kulegeza mishipa, lakini haileti mafuriko haya ya mkojo. Kwa hiyo mbwa aliyepewa asepromazini peke yake kisha akakojoa kupita kiasi anahitaji kuchunguzwa, usimwambie mwenye mbwa kwamba ni dawa.

Kwa wenzangu: soma chupa kila mara, hata kama umeifungua mwenyewe asubuhi. Iko zailazini ya asilimia 2, yaani miligramu 20 kwa mililita, na iko ya asilimia 10 iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi, miligramu 100 kwa mililita. Zikiwa kwenye boksi moja, mkono wenye haraka unamchoma mbwa dozi mara tano.

Hatua ya 2: Maswali kabla ya sindano

Daktari asipokuuliza, yaseme mwenyewe. Je, mbwa anakunywa maji kuliko zamani? Anakojoa mara ngapi, na mkojo una rangi gani? Ametapika au kuharisha siku mbili hizi? Ana kupe? Anashinda kwenye mifereji na mashimo ya panya?

Maswali haya yana sababu zake. Homa ya kupe inayosababishwa na Babesia hupasua chembe nyekundu za damu, mkojo ukawa wa rangi ya chai au kahawa, na mabaki ya chembe hizo huziumiza figo. Leptospira, bakteria wanaoenezwa kwa mkojo wa panya na maji yaliyotuama, hushambulia figo moja kwa moja, na huwapata watu pia. Mkojo wa mbwa unayemshuku ushike kwa glavu. Jike ambaye hajafungwa kizazi, aliyekuwa kwenye joto wiki kadhaa zilizopita na sasa anakunywa maji kama ngamia, huenda ana usaha kwenye mfuko wa uzazi. Sumu ya vijidudu vinavyoleta usaha huo huzifanya figo zishindwe kukoleza mkojo. Mbwa wa namna hiyo anahitaji upasuaji haraka, lakini si kwa zailazini uwanjani. Anahitaji dripu, hospitali, na mpango mwingine wa usingizi.

Na yule anayechuchumaa tena na tena bila mkojo kutoka, au unatoka kwa matone, usimguse na dawa hii. Huenda njia imezibwa na jiwe. Ukimwongezea mkojo wakati mlango umefungwa, kibofu kinajaa mpaka kinapasuka.

Hatua ya 3: Zuia chakula, usizuie maji

Zailazini hutapisha mbwa, mara nyingi dakika chache tu baada ya sindano. Kwa hiyo chakula kizuiwe usiku, saa 6 hadi 12 kabla. Mtoto wa mbwa azuiwe kwa muda mfupi zaidi kama daktari atakavyoelekeza, kwa sababu sukari yake hushuka upesi.

Maji ni habari nyingine. Nimepokea mbwa waliofungwa tangu jana jioni bila tone la maji kwa sababu mtu alisikia "asile kitu" akaelewa "asinywe." Anakuja amekauka, kisha tunampa dawa inayomkamua mkojo. Bakuli la maji libaki mbele yake mpaka saa moja au mbili kabla ya sindano. Kama mmesafiri kwa bodaboda au kwenye basi juani, mpe maji mfikapo, asubiri kivulini.

Daktari naye apime ukavu kwa mkono. Vuta ngozi ya shingoni uiachie: ikirudi polepole, mbwa amekauka. Pitisha kidole kwenye ufizi: ukinata badala ya kuteleza, amekauka. Macho yaliyozama yanakuambia amekauka sana. Mbwa huyo arudishiwe maji kwanza. Upasuaji wa kufunga kizazi unaweza kusubiri hadi kesho.

Hatua ya 4: Pima kabla, kwa sababu baada haisaidii

Mwaka wangu wa pili kazini tulimfanyia upasuaji mbwa wa miaka minane wa mzee mmoja mlinzi wa usiku. Baada ya kumaliza nikakumbuka kwamba hatukupima mkojo. Alikuwa amejikojolea mezani, nikavuta kidogo kwa bomba la sindano, nikaweka kwenye refraktomita, kifaa kinachoonyesha mkojo umekolea kiasi gani (maji matupu ni 1.000), nikasoma 1.009. Nikamwambia mzee kwamba figo za mbwa wake zimeshindwa kukoleza mkojo na ajiandae. Alikuwa anaishi na mbwa yule kibandani, wawili tu. Alitoka amejiinamia, na siku tatu hakulala. Siku ya nne akaleta mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi. Ukasoma 1.038. Figo zilikuwa nzima tangu mwanzo. Nilichopima mimi ilikuwa zailazini, na mzee yule ndiye aliyeibeba hofu ya kosa langu.

Kwa hiyo chukua mkojo kabla ya sindano. Mwenye mbwa anaweza kuukinga mwenyewe asubuhi: sahani bapa au kijiko kirefu cha kupakulia kwa jike, kikombe kwa dume, kisha umimine kwenye chupa safi iliyokauka. Usitumie chupa ya sharubati iliyosuuzwa tu, sukari iliyobaki itadanganya stripu, ile karatasi ya kupimia mkojo.

Namna ya kuusoma: mkojo wa mbwa mzima, wa asubuhi, kwa kawaida unapita 1.030. Ukiwa kati ya 1.008 na 1.012 kila unapopimwa, bila dawa, figo hazikolezi wala hazizimui, na hapo kuna hoja ya kuchunguza zaidi. Ukiwa chini ya 1.008, figo bado zinafanya kazi ya kuzimua, tatizo liko kwingine. Kwenye stripu tazama protini, damu na sukari.

Kama kuna uwezo wa kupima kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huiondoa kwenye damu, mpime mbwa yeyote aliyezidi miaka saba na yeyote mwenye historia ya homa ya kupe. Ila jua mipaka yake: kreatinini huanza kupanda wakati karibu robo tatu ya uwezo wa figo imekwisha kupotea. Uwezo wa kukoleza mkojo hupotea mapema kidogo, wakati karibu theluthi mbili imekwisha kupotea. Ndiyo maana mkojo wa asubuhi wa kabla ya sindano, kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, nakithamini kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 5: Mkojoze na mpime uzito

Mzungushe mbwa nje dakika kumi, anuse miti, akojoe. Kibofu kikiwa kitupu, mafuriko yatakayokuja yatapata nafasi, na daktari wa upasuaji hatakutana na puto lililojaa chini ya kisu.

Uzito upimwe kwa mizani. Kama hakuna ya mbwa, simama kwenye mizani ya watu ukiwa umembeba, kisha upime peke yako, utoe. "Huyu ni kama kilo ishirini" ndiyo sentensi iliyoua mbwa wengi waliokuwa na kilo kumi na tatu na manyoya mengi.

Hatua ya 6: Wakati amelala

Sindano ya msuli huanza kushika ndani ya dakika 10 hadi 15. Mwache sehemu tulivu bila kelele. Mbwa anayeshtuliwa huhitaji dawa zaidi, na dawa zaidi ni mkojo zaidi na damu kidogo zaidi kwenye figo. Usingizi huchukua saa moja hadi mbili. Mkojo mwingi huendelea hata baada ya mbwa kusimama, mpaka saa nne au tano tangu sindano.

Dripu ndiyo kinga ya figo tunayoiweza. Kwa mbwa mwenye afya, mililita 5 kwa kilo kwa saa za Ringer, yaani maji ya dripu yenye chumvichumvi, zinatosha kuanzia. Hebu tufanye hesabu, maana uwanjani hakuna mashine ya kuhesabu. Mbwa wa kilo 15: 5 mara 15 ni mililita 75 kwa saa. Mrija wa dripu ulioandikwa matone 20 kwa mililita: 75 mara 20 ni matone 1,500 kwa saa, gawanya kwa 60, unapata matone 25 kwa dakika. Tazama saa, hesabu matone sekunde 12. Yakiwa matano, umepatia. Nimewaona vijana wanaofungua dripu "iende tu" kwa sababu mbwa anakojoa sana. Usifanye hivyo. Moyo wake umepunguzwa kasi na hauwezi kusukuma mzigo wote huo.

Dripu ya sukari usiitumie bila kupima sukari ya damu. Dawa imekwisha kuipandisha, na sukari inayozidi inapofika kwenye mkojo huvuta maji zaidi kutoka mwilini.

Pasipo na mrija wa mshipani, Ringer iliyopashwa vuguvugu inaweza kuwekwa chini ya ngozi, mililita 10 hadi 20 kwa kilo, imegawanywa sehemu mbili au tatu. Hunyonywa polepole kwa sababu mishipa imebana, kwa hiyo isichukuliwe kuwa tiba ya mbwa aliyekauka vibaya. Ni akiba ya jioni tu.

Penye mashine ya presha, wastani usiachwe ushuke chini ya 60. Pasipo na mashine, vidole vyako ndiyo mashine: shika mshipa wa paja kila dakika tano, andika idadi ya mapigo na nguvu yake. Mapigo ya polepole yenye nguvu ndiyo sura ya dawa hii. Mapigo membamba yanayokimbia ni habari mbaya.

Kabla ya kushona tumbo, gusa kibofu. Kimejaa? Kibonyeze taratibu kwa kiganja, usitumie ncha za vidole.

Hatua ya 7: Kuzinduka, na hatari ya kulala majini

Iko dawa ya kuizima zailazini: atipamezoli, au yohimbini. Ikichomwa, mbwa huamka, mapigo hurudi, na figo nazo huanza tena kusikia amri ya kurudisha maji. Kwa mbwa mzee au aliyedhoofu ni bora kuwa nayo mkononi kabla ya kuanza. Lakini kama mbwa alichanganyiwa ketamini, usiharakishe. Ukiiondoa zailazini mapema, ketamini inabaki peke yake, mbwa anaamka amekakamaa, anatetemeka, anajipigiza chini.

Sasa turudi kwenye magunia ya Lushoto. Yule mbwa wa mama figo zake hazikuwa na shida, ila nilipomshika masikio yalikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Zailazini huuvuruga mwili usiweze kujipasha joto, upepo wa Usambara mwezi wa saba haucheki na mtu, na yeye alikuwa amelala kwenye mkojo wake kwa nusu saa. Nikapima joto: 35.8, wakati mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39.2. Baridi hiyo huichelewesha dawa kutoka mwilini, na damu inayofika kwenye figo inazidi kupungua. Tukamhamishia kwenye gunia kavu, tukamfuta kwa kitambaa, tukajaza maji ya moto kwenye chupa mbili na kuzifunga taulo ili zisimuunguze, moja kifuani na moja mgongoni. Mama akavua kitenge chake cha juu akamfunika. Baada ya dakika arobaini alikuwa anatikisa mkia.

Tangu siku ile tunatandika matabaka: karatasi la nailoni chini, magazeti katikati, gunia juu, na mtu mmoja kazi yake ni kubadilisha tu. Mwenye mbwa, kazi hiyo unaiweza, na usione aibu kuuliza: "Naomba gunia kavu." Mgeuze ubavu kila nusu saa. Tazama tumbo pia. Mbwa aliyelazwa na zailazini humeza hewa, na tumbo linalovimba kama ngoma si mkojo.

Hatua ya 8: Nyumbani usiku wa kwanza

Atakuwa na kiu. Usimmiminie maji mdomoni akiwa bado anayumba, yatampalia na kuingia mapafuni. Subiri mpaka asimame mwenyewe na kuinua kichwa, kisha mpe kidogo kidogo, kikombe cha chai kila baada ya dakika ishirini. Asipotapika, mwachie bakuli.

Ukitaka kujua kama anakunywa kupita kiasi, pima kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Mbwa wa kawaida hunywa mililita 50 hadi 60 kwa kilo kwa siku. Akizidi 100 kwa kilo, hiyo ni nyingi kweli. Kwa mbwa wetu wa kilo 15, chupa hiyo nzima ndiyo mpaka. Siku ya sindano akiifikia ni kwa sababu analipa deni la maji yaliyotoka. Siku ya tatu akiendelea kuimaliza, rudi kwa daktari.

Mlaze mahali pa kufuta kwa urahisi, na usimpige wala kumfokea kwa kukojoa ndani. Hajui.

Dawa za maumivu: mpe ile tu uliyopewa na daktari, kwa kiasi hichohicho. Diklofenaki na ibuprofeni zilizobaki kabatini ni sumu kwa figo za mbwa. Damu inapopungua kwenye figo, mwili hutengeneza kemikali za kuifungua mishipa ya figo ili zisife njaa. Dawa hizi huzizima kemikali hizo, na kwa mbwa aliyekauka hata zile za mifugo zinaweza kuleta madhara hayohayo. Na kwa wenzangu, naomba kwa dhati: tuache gentamisini ya mazoea baada ya upasuaji. Ni bei rahisi, iko kila duka la pembejeo, na inaharibu figo, hasa za mbwa aliyekauka maji. Kidonda safi kilichoshonwa kwa mikono safi hakiihitaji.

Mrudishe kwa daktari haraka ukiona haya

Saa 12 zimepita tangu sindano, amekunywa, na hajakojoa hata kidogo. Anachuchumaa na kujikamua bila kitu kutoka. Mkojo ni mwekundu, wa kahawa, au una madonge ya damu. Anatapika tena siku ya pili, hali chakula, na pumzi inanuka kama amonia. Ufizi mweupe kama karatasi na mapigo yanakimbia: hiyo huenda ni damu inavuja tumboni, usingoje asubuhi.

Niongeze moja kwa sababu watu huchanganya. Jike aliyefungwa kizazi anaweza, miezi au miaka baadaye, kuanza kuvuja mkojo akilala. Hilo halitokani na zailazini ya siku ile. Ni misuli ya njia ya mkojo iliyolegea baada ya homoni za kike kupungua, na lina dawa yake.

Hatua ya 9: Kupima tena

Mkojo usipimwe ndani ya saa 24 baada ya dawa hii. Mimi hungoja siku mbili, nikachukua wa asubuhi kabla hajanywa. Kama kabla ya sindano ulikuwa 1.030 au zaidi na sasa umerudi hapo, faili limefungwa. Ukibaki chini ya 1.012 mara mbili, kwa mbwa anayekunywa maji ya kawaida, pima kreatinini na protini ya mkojo, na umtafute Babesia, Ehrlichia (kijidudu kingine kinachoenezwa na kupe) na Leptospira kabla ya kuilaumu dawa ya usingizi. Mara kadhaa zailazini imetufunulia mbwa ambaye figo zake zilikuwa zinakufa kimya kwa miezi.

Kwenye kadi ya chanjo andika tarehe, uzito, jina la dawa, nguvu ya chupa, mililita ulizochoma, saa ya sindano na saa aliyosimama. Weka na namba ya mkojo wa asubuhi ile. Mbwa yule wa Lushoto kadi yake inasema: kilo 11.5, zailazini asilimia 2 na ketamini, amesimama saa nane na dakika kumi mchana, mkojo wa kabla 1.041.